Menyu Zilizokataa Kushuka

Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, zama ambazo intaneti ya Arusha ilitegemea setilaiti na ukurasa mmoja ulifunguka kwa subira kubwa, makampuni ya safari yaliyo chini ya Mlima Meru yalikuwa yamekwisha tambua ya kuwa mtalii huanza safari yake kwenye tovuti. Nao mafundi wa tovuti hizo wakakabiliwa na taabu ya Internet Explorer 6, kivinjari cha mwaka 2001, ambacho hakikuhisi kupita kwa kipanya ila juu ya kiungo, hata orodha ya Serengeti na Ngorongoro iliyositirika chini ya neno “Safari” ikakataa katakata kushuka. Dawa mashuhuri, waliyoitangaza Patrick Griffiths na Dan Webb mwaka 2003, ilikuwa mistari michache ya JavaScript iliyokivika kipengele jina la ziada kila kipanya kilipokigusa. Lakini menyu ikishashuka, kisanduku cha kuchagulia tarehe ya kuwasili kiliitoboa na kujitokeza juu yake, ikalazimu fremu tupu itandikwe baina yao mithili ya mkeka; na hapo, kwa rai yangu, ndipo ustadi wa fundi ulipodhihiri. Toleo la 7, la mwaka 2006, liliondoa ila zote mbili, ingawa Windows XP, na kivinjari chake cha kale, iliendelea kuhudumiwa na Microsoft hadi Aprili 2014.