Mlima Hugongwa kama Chungu

Mama hakununua chungu bila kukigonga. Sokoni Makambako alikiinua kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikilia kama kengele, anauliza bei. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, anakirudisha mkekani taratibu, maana ndani kuna ufa ambao jicho haliuoni. Baba alikuwa akisimama pembeni anatabasamu. Kazi hiyohiyo aliifanya yeye ndani ya mlima, ila chungu chake kilikuwa dari la handaki, na kidole chake kilikuwa mtaimbo.

Baba alikuwa kibarua wa ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kipande cha Mlimba hadi Makambako, kuanzia mwaka 1971. Baruti ikishalipuka na moshi ukipungua, watu wawili watatu walitangulia na mitaimbo mirefu, taa zimeinuliwa juu, wakagonga dari hatua kwa hatua. Jiwe zima, alisema, linajibu "ti". Jiwe lililoachana na wenzake linajibu "du", na hilo unaliangusha wewe kabla halijakuangukia. Wakati wa kugonga hakuna aliyezungumza. Wataalamu wa Kichina hawakujua Kibena, baba hakujua Kichina, na Kiswahili chao wote kilikuwa cha kuokoteza, lakini "ti" na "du" hazikuhitaji mkalimani.

Nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka thelathini na moja, Iringa na Mbeya, na kila nilipofika kwenye somo la miamba nilianza na chungu cha mama. Katika umri wangu nimefuatilia Milima ya Udzungwa ikitobolewa mara mbili: mara ya kwanza ili treni ipite, mara ya pili ili maji yapite. Mara zote mbili mwamba uligongwa kwa uangalifu mkubwa. Kilichoishi juu ya mwamba kilisubiri sana kabla ya kuulizwa.

Anayeshuka Udzungwa kwa mara ya kwanza huona ukuta. Huku juu, Makambako, tuko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, baridi inauma na mahindi yanachelewa kukomaa. Kule chini ni bonde la Kilombero, joto na mpunga. Lori linaweza kuzunguka kona kwa kona hadi lifike, lakini treni ya mizigo haipendi kupanda zaidi ya mita mbili katika kila mita mia. Ikikutana na ukuta wa namna hii, hulazimika kuuzunguka, kuukata au kuupenya.

Wazungu waliiangalia njia hii mapema. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kutoka Zambia hadi pwani yetu haina faida kiuchumi. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, na Zambia ikajikuta njia ya kusini ya shaba yake iko mikononi mwa walowezi hao. Septemba 1967 makubaliano ya ujenzi na China yakasainiwa Beijing. Mwaka uliofuata wapimaji wa Kichina walikuwa tayari porini, na tarehe 26 Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakazindua ujenzi Dar es Salaam. Reli nzima ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Ina mahandaki 22, na 18 kati ya hayo yamebanana kwenye kilomita 158 za Mlimba na Makambako. Baba alipenda kusema kwamba reli ilijengwa kwa miaka mitano, lakini mwaka wa Mlimba ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa mahali pengine.

Wanafunzi wangu waliniuliza kila mwaka: kwa nini wasingekata tu ubavu wa mlima, wapitishe reli nje, kwenye mwanga? Jibu lipo kwenye mwamba wenyewe. Udzungwa ni jiwe la kale sana, lililopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi, kisha likainuliwa kwa nyufa kubwa za dunia. Ndani ni gumu, lina michirizi myeupe na myeusi kama kitenge. Nje limeoza. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugonga ukuta ule na kumwaga mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya maelfu ya miaka hugeuza jiwe kuwa udongo mwekundu wenye unene wa nyumba, wakati mwingine wa ghorofa. Ukikata udongo ule kwa mteremko mkali, masika ya kwanza utakaa, ya pili utapasuka, ya tatu utalala juu ya reli. Kwa hiyo penye ubavu mkali wapimaji waliona heri kuingia ndani, kwenye jiwe lisilooza.

Ila kuingia kuna mdomo, na mdomo wa handaki ndio mahali pabaya kuliko pote. Kabla ya kufika kwenye jiwe zima lazima upite kwenye lile lililooza, na hapo ndipo mbao, nondo na zege huliwa kwa wingi. Ukishapita mdomo kuna adui wa pili, maji. Handaki ni kisima kilicholazwa. Kila ufa unaobeba maji ya mlimani humiminika humo, na kazi ya mpimaji ni kujua mapema nyufa zimeelekea wapi: zikikatiza handaki, unazivuka kwa hatua chache, zikienda sambamba nalo, utatembea nazo na maji yake njia nzima. Ndiyo maana handaki zuri huwa na mfereji pembeni na mwinamo mdogo wa kuyatoa maji nje yenyewe.

Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika mradi mzima, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Waafrika pia walikufa. Baba hakuwahi kutaja hata mmoja kwa jina mbele yetu watoto. Alikuwa akifika hapo anainuka, anakwenda kuangalia ng'ombe.

Kwa upande wa Mbeya mambo ni mengine kabisa. Pale reli inafika kilele chake, Uyole, mita 1,789, ikipenya kati ya safu ya Mbeya na milima ya Uporoto. Ardhi ya pale ni changa: majivu ya volkano ya Rungwe na jirani zake, laini, yenye rutuba, ambayo mkulima wa viazi anaishukuru na mchimba handaki anaiogopa. Matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana maeneo hayo, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma.

Mara ya pili mlima wa Udzungwa ulitobolewa kwa ajili ya umeme wa maji ya mto Kihansi. Mto huu unakusanya maji Mufindi na Kilolo, unatembea kwa utulivu hadi ukingo wa Udzungwa, halafu unajitupa bondeni. Kutoka bwawani hadi kwenye mitambo maji yanashuka kama mita 850. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia, Norway na wengine, na mitambo mitatu ya jumla ya megawati 180 ilikamilika kufikia mwaka 2000. Sehemu kubwa ya kazi haionekani. Maji yanashuka ndani ya jiwe, na mitambo yenyewe imekaa kwenye ukumbi uliochongwa ndani ya mlima.

Wahandisi wa Kihansi walitegemea mwamba wenyewe uyabebe maji kwenye sehemu kubwa ya njia, bila kuuvisha chuma. Fikiria uzito wake. Safu ya maji ya mita 850 inasukuma kwa nguvu ya kilo 85 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba, yaani mzigo wa mtu mzima juu ya ukucha wa kidole gumba. Mwamba usipobanwa vya kutosha na mlima ulio juu yake, maji hupanua nyufa na kukimbia. Kwa hiyo hawakutosheka na kuangalia tu. Walichoronga mashimo, wakayaziba, wakasukuma maji humo kwa nguvu inayoongezwa kidogo kidogo hadi jiwe lianze kuachia, wakapima ni kwa nguvu gani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama na chungu. Sijui njia ya kuuliza jiwe yenye heshima kuliko hiyo.

Korongo la maporomoko lilikuwa na swali jingine. Maji yalipojigonga miambani yaliinua manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima, na manyunyu hayo yalilea bustani ya majani na kuvumwani ya ekari chache tu. Uchunguzi wa kina wa viumbe vya pale ulifanyika mashine zikiwa tayari kazini. Mwaka 1996 akaonekana chura wa njano, asiyefika sentimita tatu, asiyetaga mayai, anayezaa watoto waliokamilika. Mwaka 1999 akapewa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis. Hakuwa anajulikana mahali pengine popote duniani.

Mto ulipoingizwa handakini, korongo likabaki na sehemu ndogo ya maji yake, na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia, yanayosukumwa na mteremko wenyewe, na kwa muda vyura wakaongezeka tena hadi maelfu. Mwaka 2003 wakaanguka ghafla. Kuvu ya ngozi ilikutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 mia moja wa kwanza walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Siyo kwamba umeme haukuwa na maana. Nilifundisha usiku kwa mishumaa, na sitamani irudi. Lakini inaniuma kwamba mwamba ulipimwa miaka kabla ya kuchimbwa, na manyunyu yakapimwa baadaye. Gharama ya mabomba, maabara na safari za ndege ilikuja kwa sababu ya mpangilio huo wa maswali. Na maswali hayo yanarudi kwenye reli: Septemba 2024, mbele ya marais wa nchi tatu Beijing, ilisainiwa hati ya kuifufua TAZARA. Wapimaji watarudi Mlimba na mitaimbo mipya.

Baba nilisafiri naye mara ya mwisho kwa treni kutoka Makambako kushuka Mlimba. Aliyahesabu mahandaki kwa sauti ya chini, kidole kikigonga fremu ya dirisha. Kwenye mdomo wa moja treni ilisimama muda mrefu. Akashuka, akainama kwenye mfereji wa pembeni. Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikavu, na mfereji ulikuwa unatiririka maji safi, ya baridi. Akanawa uso, akaangalia juu kule kwenye miti, akaniuliza: "Mwalimu, na huko yanakotoka kuna nini?"

Ilikuwa Septemba 1995. Nilimjibu kwamba ni msitu tu.