Onyong-nyong na Ndugu Zake: Jinsi Virusi vya Mbu Vinavyotuuguza na Kuikwepa Kinga ya Mwili

Mpwani akisikia Ahero hukumbuka mchele. Mji huo mdogo uko kwenye uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu, kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho, na mashamba yake ya mpunga humwagiliwa kwa maji ya mto Nyando. Mto huo ukifurika, maji huingia hadi majumbani. Palipo na maji yaliyotuama hapakosi mbu, na kwa watu wa Ahero mbu na malaria ni mambo ya kila mwaka.

Lakini si kila homa ya mbu ni malaria. Malaria huletwa na kimelea. Kuna kundi jingine la maradhi yanayoletwa na virusi, nayo hayatibiki kwa dawa ya malaria hata chembe. Makala haya yanaeleza virusi hivyo ni vipi, vinafanya nini mwilini na vinaipitaje kinga tuliyopewa.

Ugonjwa uliotoka Acholi

Mwaka 1959 homa ngeni ilizuka kaskazini mwa Uganda. Wagonjwa walipata homa, vipele vya kuwasha, tezi za shingo kuvimba na maumivu makali ya viungo. Waacholi, ambao lugha yao ni jirani wa Kiluo, waliuita onyong-nyong, yaani kudhoofika kwa viungo. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe walikitambua kirusi chenyewe. Kufikia mwaka 1962 ugonjwa ulikuwa umeenea Kenya, Tanganyika na nchi nyingine za jirani, na inakadiriwa kuwa watu milioni 2 waliugua. Kisha ukatoweka kwa miaka mingi. Mwaka 1978 kirusi hicho kilipatikana tena ndani ya mbu magharibi mwa Kenya, na mwaka 1996 kukawa na mlipuko mwingine kusini mwa Uganda, maeneo ya Rakai, Masaka na Mbarara.

Kinachokitenga kirusi hiki ni mchukuzi wake. Virusi vingi vya mbu hubebwa na Aedes au Culex. Onyong-nyong hubebwa na Anopheles, mbu yuleyule wa malaria, anayeuma usiku. Ndiyo maana mahali kama Ahero pana kila sababu ya kuujua ugonjwa huu.

Ndugu yake wa Pwani

Sisi wa Pwani tunamjua zaidi ndugu yake, chikungunya. Ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu. Mwaka 2004 ulishuka Lamu. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa, makadirio ya watu 13,500. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wakiweka maji majumbani bila kuyabadilisha mara kwa mara. Mwaka huohuo ulifika Mombasa, kisha 2005 ukavuka hadi Ngazija na visiwa vingine vya Bahari Hindi.

Wa tatu ni dengi, ambayo wazee waliiita kidingapopo. Si wa ukoo mmoja na hao wawili, lakini hubebwa na mbu yuleyule wa chikungunya, Aedes, anayeuma mchana, na Mombasa imeshapata milipuko yake zaidi ya mara moja.

Kirusi kinavyoingia

Mbu akiuma hutema mate kwanza ili damu isigande. Virusi vimo ndani ya mate hayo, na mate yenyewe huzubaisha kinga ya ngozi pale mahali.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Ni uzi mfupi wa maagizo uliofungwa ndani ya ganda la protini na mafuta. Wa onyong-nyong au chikungunya una herufi zipatazo 12,000 tu, ilhali maagizo ya mwili wa binadamu yana herufi bilioni 3. Kirusi hushika protini iliyo juu ya seli, kama ufunguo na kitasa, kikaingia na kuilazimisha seli itengeneze virusi vipya kwa maelfu. Baada ya siku chache hadi wiki moja, damu imejaa virusi, na mgonjwa huanza kutetemeka kwa homa. Hivi viwili hupenda seli za viungo, misuli na ngozi, na hapo ndipo maumivu hutoka. Sehemu kubwa ya maumivu hayo huletwa na kinga yenyewe ikipigana, na kwa wengine huendelea kwa miezi hata baada ya virusi kwisha.

Kinga inavyokwepwa

Seli ikivamiwa hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo ni kama mbiu ya mgambo: huzitahadharisha seli jirani zifunge milango. Virusi vina hila za kuizima mbiu hiyo.

Kwanza, hujificha. Chikungunya na onyong-nyong hunakili maagizo yao ndani ya vifuko vidogo kwenye utando wa seli, ili walinzi wasione.

Pili, hukata mawasiliano. Protini moja ya chikungunya huizuia seli isisome maagizo yake yenyewe, basi hata interferoni ikitoka, seli haiitikii. Dengi nayo huiharibu protini inayopitisha ujumbe huo ndani ya seli.

Tatu, ni hila ya dengi pekee. Ipo ya aina 4. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo tu. Akija kuambukizwa nyingine, kingamwili za zamani huweza kuishika bila kuiua, zikaisaidia kuingia ndani ya seli za kinga zenyewe. Ndiyo sababu dengi ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Hata hivyo kinga hushinda mara nyingi. Kingamwili huanza kuonekana baada ya siku 5 hivi, na aliyepona chikungunya kwa kawaida hauguzwi nayo tena.

La kufanya

Homa ikija, pima malaria kwanza, kwa sababu malaria huua upesi na ina dawa. Kipimo kikisema hakuna, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Virusi hivi havina dawa ya kuviua. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi na hutumia paracetamol. Aspirini na ibuprofen ziepukwe hadi ijulikane si dengi, kwani huzidisha hatari ya kuvuja damu. Akianza kutapika mfululizo, kuumwa sana na tumbo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, au kulegea homa inaposhuka, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Chandarua humlinda mtu wa Ahero na malaria na onyong-nyong pia. Kwa mtu wa Mvita au Lamu hakitoshi, maana Aedes huuma mchana na huzaana ndani ya mapipa, mitungi na magurudumu mabovu yaliyoachwa uani. Maji yafunikwe, na vyombo visuguliwe kila wiki. Wazee wa Lamu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Birika zingalipo, na samaki hao hawana gharama.