Mgeni Aliyeona Moshi

Katika vilima vya Mbooni, ambako ukungu wa mwezi wa Julai hushuka mpaka juu ya mapaa ya maduka ya Kikima na kukaa hapo hadi saa nne asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga, palikuwapo ada moja ambayo wazee wetu waliishika kwa taadhima kuliko ada nyingi zilizosifiwa vitabuni, nayo ni kwamba hadithi haikusimuliwa mchana. Mchana ulikuwa wa matuta, wa kuni na wa mbuzi; hadithi ilingoja mpaka moto uwake katikati ya mafiga matatu, chungu cha muthokoi kitelekwe, na watoto wapewe ungo wa mbaazi za kumenya ili mikono isilale kabla ya masikio.

Nyanya yetu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, alikuwa na nasaba mbili za hadithi, na kila nasaba ilikuwa na milki yake na sharia zake. Ya kwanza ilikuwa ya wanyama, na bwana wake alikuwa Kavaluku, yaani sungura, ambaye usiku huu alimnyang'anya fisi nyama, kesho akamghilibu simba kwa maneno matupu, na kesho kutwa wote wakawa hai tena wakingoja kudanganywa upya, kwa kuwa katika milki ya Kavaluku kifo kilikuwa cha usiku mmoja tu. Ya pili ilikuwa ya eimu, lile zimwi ambalo hujigeuza kijana mzuri ngomani, msichana akalifuata mpaka maskani yake porini. Na humo mtu akiliwa ameliwa, mpaka kidole cha mwisho cha zimwi kikatwe, ndipo waliomezwa watoke na ng'ombe zao na mbuzi zao.

Usiku mmoja, wakati msichana wa hadithi amekwisha kufungiwa ndani na zimwi limekwenda kutafuta kuni, tukasikia hodi mlangoni, na aliyeingia hakuwa kaka wa msichana, kama tulivyozoea, bali Kavaluku. Binamu yangu, aliyekuwa darasa la sita na kwa sababu hiyo alijua mambo yote ya dunia, aliacha mbaazi akateta: "Susu, Kavaluku si wa hadithi hii." Susu hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Alikuwa akipita njiani," akasema, "akaona moshi."

Nimesoma baadaye maandiko mengi juu ya hadithi za makutano, yaani zile ambazo mhusika wa mfululizo mmoja huvuka mpaka akaingia katika mfululizo wa mwingine, na sijaona hoja iliyonitosheleza kuliko hiyo ya moshi. Mahali penye moto pana haki ya kuingiwa na msafiri, na msafiri akiingia huwa chini ya sharia ya mwenyeji. Kavaluku alijaribu hila zake zote tulizozijua kwa moyo. Aliliahidi zimwi nyama ya kesho, lakini zimwi halikuwa na tamaa ya kesho. Alilitisha kwa tufani inayokuja, akalisihi lijifunge mtini lisipeperushwe, lakini zimwi halikuwa na hofu ya upepo. Akamezwa. Jikoni pakawa kimya hata tukasikia chungu kikitokota, kwa maana hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Kavaluku akishindwa bila ya kuwa na neno la mwisho. Alitoka, naam, kidole kilipokatwa, katikati ya mbuzi, amelowa na masikio yamelala. Na juma lililofuata, Susu aliporejea katika hadithi za wanyama, Kavaluku alipofika nyumbani kwa fisi alisimama kwanza nje, akanusa moshi, ndipo akapiga hodi. Susu hakueleza sababu, wala sisi hatukuuliza.

Ilikuwapo nasaba ya tatu ambayo Susu hakuichanganya kamwe na hizo mbili. Habari za Syokimau, yule mtabiri mwanamke ambaye wazee husimulia kwamba aliona kabla ya wakati nyoka mrefu akipita katika nchi na wageni wachukuao moto mifukoni mwao, zilisemwa mchana, mbele ya watu wazima, bila ungo wala mbaazi. Nyoka huyo, kama ajuavyo kila mtoto wa Ukambani, alikuja kweli: reli ilipanda kutoka Mombasa, ikapita Kibwezi na Makindu katika tambarare zilizo chini ya vilima vyetu, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 2012 serikali ilipofungua kituo kipya cha treni nje ya jiji, kiliitwa kwa jina lake. Ikiwa yuko mtu wa Ukambani anayestahili kualikwa katika hadithi za wasafiri wa wakati, ni huyo. Lakini Susu asingemwalika, kwa kuwa kwake yeye Syokimau alikuwa tarehe, na tarehe haibishi hodi kwa zimwi.

Aliyetenganisha nasaba zile mbili za kwanza kwa wino alikuwa msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912 akiandika kila alichosikia. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka mwaka 1916, na hadithi alizozikusanya zikafuata polepole: za wanyama mwaka 1928, na zile za viumbe vya ajabu na visa vya safari mwaka 1935. Simlaumu, kwani mtu mwenye shehena ya maneno ya watu hana budi kuipanga. Ila ni dhahiri kwamba tangu siku hiyo Kavaluku na eimu wamekaa katika majalada mawili, na anayelifungua la kwanza hana ajuacho juu ya moshi unaofuka katika la pili. Baadaye alikuja John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui mwaka 1931, ambaye alichapisha Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, kisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba kwa Kiingereza mwaka 1966. Jina lake kwa Kikamba maana yake ni fisi. Na sijui fisi mwingine ambaye, baada ya kudanganywa usiku mwingi namna ile, alimlipa sungura wema kwa kumhifadhia sifa zake.

Wala makutano hayakuwa ya jikoni peke yake. Karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu, ikapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivui, tajiri wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakuu wa misafara hiyo mpaka alipouawa safarini mwaka 1851. Haiyumkiniki watu walale pamoja majuma njiani, kwenye moto mmoja, wasibadilishane visa. Huko pwani alikuwako Abunuwasi, ambaye hapo kale alikuwa mtu wa kweli, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 814, lakini katika midomo ya watu alikwisha kuvua ushairi akawa mjanja wa baraza la khalifa Harun al-Rashid, akachukua na vituko ambavyo kwingineko ni vya Juha, yule mjanja wa hadithi za Waarabu. Hayo, hata hivyo, siyaiti makutano. Abunuwasi hakubisha hodi katika nyumba ya Juha. Alihamia, akalala kitandani na kuvaa kanzu ya mwenye nyumba. Kuzuru ni jambo moja, na kurithi mtu ambaye hajafa ni jambo jingine.

Mfaransa Maurice Leblanc alijaribu njia ya tatu. Mwaka 1906 alimwingiza Sherlock Holmes katika kisa cha mwizi wake Arsène Lupin bila idhini ya mtunzi wake, Conan Doyle. Mwenyewe akalalamika, na Leblanc akahamisha herufi moja tu, mgeni akaitwa Herlock Sholmes, kana kwamba mtu aliyevaa kofia ya jirani yake hatambulikani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa na adabu zaidi: hakumleta Holmes Zanzibar, bali katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimzaa Bwana Msa, mwenye kiko chake na akili yake, akamwacha yule Mwingereza kwao.

Nilikuwa nikidhani mambo haya yamekwisha, mpaka mjukuu wangu, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, aliponionyesha katika simu yake mfululizo wa Waingereza uitwao Doctor Who, hadithi za kisayansi za kubuni zilizoanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Bwana wa mfululizo huo ni msafiri aitwaye Daktari, anayepita katika wakati kwa kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, na kila anapokaribia kufa hugeuka uso, ili mwigizaji mwingine amshike pale mwenzake alipomwachia. Basi katika mfululizo huo kuna sharia ya kwanza ya wakati, ya kwamba mtu asikutane na nafsi yake. Na mwisho wa mwaka 1972, kwa kuadhimisha miaka kumi, watunzi wakawafanya watawala wa Daktari waivunje sharia hiyo kwa dharura, nyuso tatu zikakutana katika kisa kimoja, The Three Doctors.

Mjukuu wangu alisema kisa hicho ni cha kizamani na vitisho vyake vinachekesha. Mimi sikuona vitisho; nilimwona mzee. William Hartnell, Daktari wa kwanza, alikuwa mgonjwa sana wakati ule hata hakuweza kuigiza bega kwa bega na wenziwe, ikabidi apigwe picha peke yake, na watunzi wakabuni kwamba amekwama kati ya wakati na wakati, asiweze kuonekana ila katika kioo. Wale wengine wawili hugombana kama watoto wanaogombea mkia wa mbuzi, lakini mzee anaposema kutoka katika kioo chake hunyamaza wakamtii. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1975.

Mwaka 1983 walikutana tena, mara hii watano kwa hesabu ya tangazo. Hartnell hayupo, nafasi yake ikashikwa na Richard Hurndall. Tom Baker, mmoja wa Madaktari hao, alikataa kuja, wakatumia vipande vya picha zake za mwaka 1979, vya kisa ambacho mgomo ulikikatiza. Na siku ya kupiga picha ya matangazo wakasimamisha sanamu yake ya nta badala yake. Ile ni harusi: kila mtu amealikwa, kila mtu ameonekana, na asubuhi yake kila mtu amerudi kwake vilevile alivyokuja. Kisa cha 1972 ni duni kwa gharama na kwa mapambo, lakini mgeni wake alilipa ada ya kuingia, na kwa hukumu yangu ndicho bora.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari ya Kavaluku na kidole. Akauliza naweza kuipata wapi imeandikwa. Susu amekwisha kuzikwa siku nyingi, na katika maandiko niliyoyapitia sikuikuta. Wewe msomaji uliye na nyanya aliye hai, awe Kikima, Tawa, Mwingi au Mutomo, usimwombe hadithi ya sungura, wala usimwombe ya zimwi. Mwombe ile ya usiku walipokutana, na akishaanza usimkatize.