Safari ya Mwanga Ndani ya Mwili

Ukiifunika tochi kwa kiganja usiku, nyama ya vidole hung'aa nyekundu. Damu imefyonza kijani na buluu, nyekundu ikapita. Pamoja nayo hupita infraredi ya karibu, ambayo jicho haliioni. Kwa mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 650 na 950 hivi, damu na maji hufyonza mwanga kidogo, hata ukaweza kupenya sentimita kadhaa. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba kwa njia hiyo oksijeni ya ubongo hufuatiliwa bila kupasua fuvu.

Katika hospitali za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, kifaa cha jamii hii ni oksimita, kile kibanio anachowekewa kidoleni mtoto mwenye nimonia. Kanuni yake aliibuni Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970. Kibanio hutoa mwanga wa nanomita 660 na wa 940. Damu yenye oksijeni hufyonza zaidi ule wa pili, iliyopungukiwa hufyonza zaidi ule wa kwanza, na uwiano wao hugeuzwa kuwa asilimia.

Lakini mwanga hauendi moja kwa moja mwilini. Fotoni, yaani punje za mwanga, hugonga chembe na kupinda njia takriban kila sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo wataalamu huiga safari hiyo kwa kompyuta, kwa mbinu iitwayo Monte Carlo. Programu huirusha fotoni moja, hupiga kura ya umbali itakaokwenda kabla ya kugonga, huipunguzia nguvu kwa kiasi kilichofyonzwa, hupiga kura tena ya upande itakaogeukia, na kuendelea hivyo mpaka itoke au iishiwe. Kisha inarushwa nyingine, mpaka zifike mamilioni. Lihong Wang na Steven Jacques walieneza programu ya namna hiyo mwaka 1995. Mwaka 2009 Qianqian Fang na David Boas waliihamishia hesabu hiyo kwenye kadi za michoro, zinazofuata maelfu ya fotoni kwa mpigo.

Matokeo yake yanapendeza. Kati ya taa na kihisi vilivyowekwa juu ya ngozi, fotoni zinazofika hupita njia iliyopinda, ambayo wataalamu wenyewe huiita ndizi. Mtu wa Walikale hahitaji kuchorewa.

Hesabu hii, hata hivyo, haizidi ukweli wa tarakimu inazolishwa, na hapa ndipo pana jambo zito. Melanini, rangi inayotia ngozi weusi, haina budi kuhesabiwa katika tarakimu hizo, kwa kuwa hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba oksimita iliposoma asilimia 92 hadi 96, upungufu mkubwa wa oksijeni ulikuwa umefichika kwa wagonjwa weusi takriban 12 kati ya 100, na kwa weupe 4 hivi. Milimani Masisi, ambako hewa ni nyepesi na kipimo cha kawaida huwa chini kidogo kuliko pwani, kosa dogo laweza kumnyima mtoto oksijeni anayoihitaji.

Tena, vifaa vya elektroniki hujengwa kwa tantalamu na bati, madini yanayopatikana huko huko. Koltani yenye tantalamu huchimbwa Rubaya, Masisi. Kasiteriti yenye bati huchimbwa Bisie, Walikale. Basi wanaounda oksimita waiingize ngozi ya watu wa huko katika hesabu zao tangu fotoni ya kwanza, na wavipime kwenye vidole vyao kabla ya kuviuza.