Mapigano ya mikono jeshini: yalikotoka na yanavyofundishwa

Kila mafunzo ya mgambo yanapofungwa, watu hukusanyika uwanjani kutazama kwata na maonesho ya kujihami bila silaha. Baada ya hapo maswali huanza. Msikilizaji mmoja wa Nakwa, hapa Babati, alitaka kujua: ile ni karate au ni kitu kingine? Na kijana akimaliza, ana haki ya kuitumia kwa mwizi wa mifugo?

Tuanze na la kwanza. Ile si karate, ingawa imo ndani yake. Majeshi mengi huokota mbinu kutoka michezo mbalimbali, hutupa mapambo, na kubakiza machache ambayo kuruta anaweza kuyashika kwa muda mfupi: kusimama imara, kupiga kwa kiganja na kiwiko, goti, ngwala, kujinasua ukishikwa, kumnyang'anya mtu kisu au fimbo.

Mtu aliyechangia sana mtindo huu ni Mwingereza William Fairbairn. Alijiunga na polisi wa mji wa Shanghai, China, mwaka 1907, enzi ambazo mji ule ulijaa magenge ya wenye visu. Inasimuliwa kwamba alipigwa vibaya akiwa doria, na alipopata nafuu akaanza kujifunza jujutsu ya Kijapani. Baadaye akachanganya jujutsu, judo, ndondi na mbinu za Kichina. Mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, aliitwa nyumbani kuwafundisha makomandoo wa Uingereza. Somo lake halikuwa na heshima za ulingoni. Alifundisha mambo machache, yarudiwe mpaka mwili uyafanye wenyewe hata mtu akiwa amechoka na ana hofu.

Warusi walipita njia yao. Vasili Oshchepkov alisomea judo Tokyo, kwenye shule ya Kano Jigoro aliyeuanzisha mchezo huo mwaka 1882. Aliporudi akaifundisha judo kwa askari wa Jeshi Jekundu, na wengine wakaongeza mieleka ya makabila ya nchi ile. Ikawa sambo, jina linalotokana na maneno ya Kirusi yenye maana ya kujihami bila silaha. Ndiyo, maneno yale yale tunayoyasikia kwenye ratiba za mgambo. Oshchepkov mwenyewe alikamatwa mwaka 1937 akituhumiwa kuwa jasusi wa Japani, akafia gerezani. China nayo ina sanda, na Israeli ina krav maga iliyoanzishwa na Imi Lichtenfeld, mcheza mieleka na ndondi.

Kwetu, wazee waliotumikia KAR wakati wa ukoloni, wakiwemo waliopelekwa Burma, walifundishwa singe, yaani kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi la zamani lilivunjwa, JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, na wakufunzi kutoka China wakawa miongoni mwa waliosaidia kulijenga. Kwa raia, karate ilishika mizizi Dar es Salaam mwaka 1973 kupitia Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu katika kundi lililojulikana kama Zanaki Dojo. Filamu za Bruce Lee zikafanya yaliyobaki.

Wale makomandoo wanaovunja matofali kwenye sherehe za Uhuru wanaonesha ukakamavu, na inapendeza kutazama. Lakini tofali halirudishi ngumi. Sehemu kubwa ya mafunzo ni jasho la kawaida: mbio, kubebana, kuanguka bila kuvunjika mkono. Kuanguka hufundishwa mapema, na anayelipuuza somo hilo ndiye huishia hospitali.

Hapo ndipo wazazi wawe macho. Watoto wakiigiza, mbinu ya hatari kuliko zote ni kabali, ambayo mjini huitwa roba. Shingo ikibanwa damu haifiki vizuri kichwani, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache. Asipoachiwa haraka anaweza kufa. Wakufunzi huisimamia kwa karibu, na anayebanwa akigonga mara moja tu, anaachiwa.

Swali la pili: mwizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali. Sharti lake ni nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mtu anayekujia na panga ni jambo moja. Aliyekwisha kushikwa, kafungwa kamba na kukalishwa chini ni jambo jingine kabisa. Kumpiga hapo si kujilinda tena, na aliyepata mafunzo atakuwa na kazi ngumu zaidi kueleza mahakamani kwamba hakujua athari ya pigo lake. Mgambo hufundishwa pia sheria kwa sababu hiyo: akamate, kisha akabidhi polisi.

Anayetaka kujiunga aulize kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake, au kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Kwa JKT, kambi iliyo karibu nasi ni Makuyuni, kwenye barabara ya kwenda Arusha. Mtu wa mtaani anayeuza cheti cha ukomandoo kwa mafunzo ya wiki mbili hana mamlaka hayo.