Pa Kuishi Wapendanao: Mapenzi, Dhiki na Nyumba katika Riwaya Tatu za Zanzibar

Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin ana umri wa miaka 15 anapoozwa Raza, mwenye duka anayeweza kuwa baba yake. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, ambaye hana cha kumgawia ila maisha yake mwenyewe. Baadaye Yasmin anampenda Denge, kijana wa harakati za siasa anayewindwa na polisi wa serikali ya kikoloni. Msomaji wa kisa cha mapenzi huanza kuhesabu tangu hapo, Denge anapoingia. Msomaji wa historia atarudi nyuma kidogo, mpaka pale mlango wa jamaa ulipofungwa na wa Mwajuma ukafunguliwa, kwa sababu pasipo mlango ule wa pili Yasmin asingekuwa na pahali pa kumpendea mtu.

Ni desturi kusema kwamba riwaya ya mapenzi ya Kiswahili huyapima mapenzi kwa umaskini. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila umaskini ni neno pana mno. Zikisomwa pamoja riwaya tatu za waandishi wa Zanzibar, yaani Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na hiyo Vuta n'kuvute, inajitokeza dhiki ya namna moja mahususi. Wapendanao hawana mahali ambapo hapana mtu wa kuwatoa. Njaa wanaistahimili, na masengenyo ya mtaa wanayazoea. Kinachowashinda ni mtu mwenye haki, ya damu au ya sheria, ya kuwaambia waondoke.

Uhakiki wa Kiswahili haukuwa mwepesi kulitazama jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, vyuo vikuu vilipokuwa vikijenga taaluma ya fasihi chini ya kivuli cha Azimio la Arusha, mapenzi yalihesabiwa kuwa dhamira ndogo. Riwaya dhati ilitarajiwa kuzungumzia matabaka, ukoloni na ujenzi wa jamaa mpya. Mapenzi yaliachiwa riwaya pendwa, vile vitabu vyembamba vya jalada la rangi kali vilivyouzwa mitaani Dar es Salaam na kusomwa kwa zamu mpaka kurasa zikachanika. Hivyo Nyota ya Rehema ikafundishwa kama kisa cha ubaguzi na unyonyaji, na Vuta n'kuvute kama kisa cha kupigania uhuru. Mafundisho hayo hayakuwa na kosa. Hata hivyo, yaliwafanya wanafunzi wengi wayapite mapenzi kama mtu anayepita ukumbini kuelekea chumba cha ndani, ilhali ni humo ukumbini ambamo waandishi hawa wameyaweka mambo yao mazito.

Chukua Nyota ya Rehema. Rehema ni binti wa mtu wa ukoo wenye mali na wa asili ya Kiarabu, lakini weusi wa rangi yake unamfanya apungue hadhi machoni pa jamaa za babake. Nyumba aliyozaliwa inamtema, na mjini anakopita baadaye hathaminiwi ila kwa mwili wake. Kisha yupo Sulubu, mkulima maskini, mtu wa jembe na maneno machache. Hapa riwaya ingeweza kukoma kwa furaha, kwani wawili hawa wamekubaliana, na kazi ya shamba hawaiogopi. Jasho lao linaifufua ardhi, na mapenzi yao yanasomeka katika kupalilia na kupanda zaidi kuliko katika maneno matamu. Dhiki ya kweli inawajia wakati hali yao imeanza kuwa nzuri. Watu wa ukoo wanaoijua sheria wanajitokeza kuidai ardhi, na jasho la miaka linakuwa si hoja.

Mambo hayo hayakubuniwa hewani. Katika Zanzibar ya mikarafuu wakulima wengi waliishi ndani ya mashamba ya wenye mali kwa ruhusa tu. Walipanda mihogo na chakula kingine chini ya miti, nao kwa malipo wakayaweka mashamba safi, pasipo kuwa na chao isipokuwa mazao na kibanda. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, siasa za vyama zilipopamba moto, kufukuzwa kwa wakulima wa namna hiyo kukawa silaha na malalamiko ya kila siku. Mjini hali ilifanana. Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, mtu aliweza kuimiliki nyumba yake ya udongo na makuti, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine aliyekitoza kodi. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo ya ardhi, na mgomo wao ukawa tukio kubwa katika historia ya mji. Chumba cha Mwajuma kimo katika mtaa wenye kumbukumbu hiyo. Wapenzi waliojifungia humo walikuwa juu ya ardhi ya mtu.

Ukilijua hilo, hata Sulubu unamwona kwa jicho jingine. Yaliyokwisha kuandikwa kuhusu ukaidi wake na hasira yake ni mengi, lakini hasira hiyo ina historia yake. Ni hasira ya mtu aliyeambiwa kwamba aliyoyajenga pamoja na mkewe yalikuwa ya kuazima. Mapinduzi ya Januari 1964 yalijaribu kulijibu dai la watu kama yeye. Ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Kule Ng'ambo majumba makubwa ya Michenzani yakainuka palipokuwa na vibanda. Nyota ya Rehema ilichapishwa baada ya yote hayo, huku ikisimulia zama za kabla yake. Msomaji wa mwaka 1976 alikuwa na uwezo wa kuifunga kwa faraja, akisema kwamba dhuluma ile imekwisha.

Utengano inaivuruga faraja hiyo. Hapa nyumba si ya kuazima. Ni ya Maksuudi, mtu mwenye jina na tamaa ya uongozi, na ndani yake mkewe Tamima na binti yao Maimuna wanaishi kama wafungwa. Maimuna ametawishwa hata dunia ya nje anaijua kwa kuisikia. Tamima anapopewa talaka na Maimuna anapotoroka, riwaya inauliza jambo ambalo ugawaji wa ardhi haukuliuliza: hati ikishakuwa mikononi mwa mwananchi, ndani ya nyumba nani anamiliki nini? Maimuna anaingia mjini bila ujuzi wowote wa kujilinda, na mji unamfanyia kama ulivyomfanyia Rehema. Kabi, anayemwoa baadaye, hampati binti wa hadithi za kale aliyengojea dirishani. Anampata mwanamke ambaye neno nyumba kwake lina maana ya kufuli, na mapenzi yao yanapimwa na jambo gumu kuliko ukosefu wa fedha, yaani kama Maimuna ataweza kukaa ndani ya kuta nne pasipo kuziogopa. Maksuudi naye anaporomoka mpaka aliyekuwa mwenye ufunguo anakuwa mtu wa kuhitaji kufunguliwa.

Kati ya riwaya hizi na zama zake lipo tukio ambalo hakuna hata moja kati yake inayolisimulia, lakini ambalo mwanahistoria hawezi kulinyamazia. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi. Jambo hilo lilitetewa hadharani kwa jina la kuvunja ubaguzi, nalo likalaaniwa ndani kwa minong'ono na nje kwa sauti. Dola ilikuwa imekikalia kiti cha baba, na ruhusa iliyokuwa ya ukoo ikawa ya serikali, huku msichana akibaki palepale alipokuwa. Haina budi kusemwa kwamba wanaume waliokuja kuandika kuhusu binti asiyeulizwa waliandika kwa watu waliokuwa wakiikumbuka habari hiyo. Riwaya iliyomweka binti wa namna hiyo katika zama za ukoloni, au katika kisiwa kisichotajwa jina, ilimwachia msomaji nafasi ya kujaza mwenyewe.

Kwa mwanga huo, mwisho wa Vuta n'kuvute unaeleweka vizuri zaidi. Wasomaji wengi hulalamika kwamba Yasmin hakuishia na Denge. Wamefuatana naye kurasa nyingi za kujificha, za kupekuliwa na za kutenganishwa na jela, nao wanataka malipo yao. Adam Shafi, ambaye mwenyewe alitiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972 na kuja kuiandika jela katika Haini, anawanyima. Denge ameiweka nchi mbele ya kila kitu, na nchi haina chumba cha watu wawili. Yasmin anakuja kutulia na Bukheti. Kwa msomaji wa mapenzi Bukheti ni mtu wa pili, lakini kwa historia iliyosimuliwa humu ana sifa isiyo ndogo: ana mahali, naye anamkaribisha Yasmin pasipo kumfungia. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hii, na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021, iliwakumbusha watazamaji wapya joto la Yasmin na Denge. Riwaya yenyewe inabaki na ubaridi wa busara ambao kijana huupinga na mtu mzima huutambua.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Riwaya zote tatu zimeandikwa na wanaume, na ndani yake mwanamke hufikia utulivu baada ya mwili wake kupitishwa katika kila namna ya mateso, kana kwamba mateso ni nauli. Rehema, Maimuna na Yasmin wanasukumwa zaidi kuliko wanavyopanga. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2018, inairejea nyumba ileile ya baba mwenye amri, safari hii kwa kalamu ya mwanamke. Kwamba nyumba hiyo bado inaandikika baada ya miaka arobaini ni ushahidi kwamba jambo alilolianzisha Said Ahmed Mohamed halijafungwa.

Mjadala huu una uzito wa pekee kwa wanaozisoma riwaya hizi mbali na visiwa. Mwandishi wa Utengano alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, na wasomaji wake wametawanyika Muscat, London na Toronto. Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021, ameligusa suala hili kwa Kiingereza katika Desertion (2005). Humo Amin anakatazwa na wazazi wake kumpenda Jamila kwa sababu ya yaliyosemwa juu ya ukoo wake, na ndugu yake Rashid, aliyekwenda kusoma Uingereza, anabaki kuyaunganisha mambo kwa barua. Aliyeondoka anayasoma mapenzi ya waliobaki kama mtu aliye nje ya dirisha. Anaweza kuwahukumu kwa wepesi, akauliza kwa nini Amin hakukaidi, kwa nini Yasmin hakumngoja Denge, kwa nini Sulubu hakunyamaza akaanza upya pengine.

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo riwaya hizi zinamrudishia muulizaji. Kuanza upya pengine kunahitaji huyo pengine awepo, awe na mtu wa kufungua, na asiwe na wa kutoa. Mhamiaji anayelala chumba kimoja na jamaa wanne kabla ya kupata karatasi zake, anayemposa mtu kwa simu huku hajui atamleta wapi, analijua hilo kuliko mhakiki yeyote. Anapokisoma kisa cha Ng'ambo ya miaka ya 1950 hasomi mambo ya kale. Waandishi hawa watatu wamemwekea kipimo cha mapenzi ambacho hakina anasa ndani yake: kabla ya kuuliza kama wawili wanapendana, uliza wanalala wapi, kwa ruhusa ya nani, na siku ruhusa hiyo itakapoondolewa nani atakuwa Mwajuma.