Mwalimu Aliyevuka Semliki

Juzi kwenye foleni ya maji kijana mmoja wa kujitolea, mgeni kabisa, alituuliza: kwenu dini ililetwa na nani? Watu wakajibu kwa sauti moja, "Wazungu!" Mimi nikanyamaza. Kwetu Boga jibu hilo si kweli, lakini nikianza kueleza ningepoteza zamu yangu. Basi nimekaa nimeandika.

Boga, ambayo vitabu vya zamani huandika Mboga, iko Ituri, ng'ambo ya mto Semliki. Wengi wetu tuliuvuka mto huo tukikimbilia huku Uganda. Mwalimu wetu wa kwanza aliyedumu aliuvuka pia, ila yeye alikuwa anatoka huku anakwenda kule. Alikuwa Mganda, Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa karibu mwaka 1864, pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Ujana wake aliupitisha katika vita vya dini vya Buganda, na alibatizwa mwaka 1895. Kivebulaya ni jina la utani: kile kitokacho Ulaya. Ati kwa sababu juu ya kanzu yake nyeupe alivaa koti la Kizungu. Sisi tunaovaa mitumba tusimcheke.

Kanisa lilimpeleka kwanza Toro, halafu mwaka 1896 akaenda Mboga. Hakuwa wa kwanza kutumwa. Walimu wawili Waganda walimtangulia, wakashindwa. Hawakushindwa na simba wala homa, walishindwa na njaa. Chifu Tabaro hakutaka mafundisho yao, na watu wakazuiwa kuwapa chakula. Hebu fikiria: uko nchi ya watu, huna shamba, huna ndugu, na mkubwa wa mahali amesema usipewe kitu. Hapa kambini hakuna haja ya kueleza jambo hilo zaidi. Kila mtu aliyewahi kusikia kwamba posho mwezi huu imepunguzwa anajua tumbo linavyouliza maswali usiku.

Apolo alishika jembe. Alilima chakula chake, akajenga kwa miti na matete, akafundisha watu kusoma. Siku zake nyingi zilikuwa hivyo, kazi ya mikono na herufi, na sala asubuhi na jioni. Tena vitabu alivyokuja navyo vilikuwa vya Kiganda, wakati watu wa pale wana lugha yao. Kwa hiyo mwanafunzi alijifunza kusoma na lugha ya kigeni kwa wakati mmoja. (Watoto wetu wanaosoma shule za huku wanalijua jambo hilo.) Mwenyewe hakuoa mpaka kufa.

Halafu msiba. Dada wa chifu alianguka juu ya mkuki akafa, na lawama ikamwangukia mgeni. Apolo alipigwa, akapelekwa kama mfungwa Fort Portal. Fikiria safari hiyo, kurudi ulikotoka ukiwa umefungwa kwa kosa la kuua. Baadaye aliachiliwa. Katika siku zile za mateso, mwenyewe alisimulia, alimwona Yesu akimwambia asiogope. Anayeamini ataamini, asiyeamini basi. Ninachojua mimi ni kwamba alirudi Mboga, kwa watu walewale. Na Tabaro, yule aliyemnyima chakula, mwishowe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Mwaka 1903 alipewa upadri. Alihudumu tena Toro kwa miaka kadhaa, na hapo katikati serikali za Ulaya zikakaa mezani. Kwa mapatano ya mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi zile, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Yaani jirani wa jana akawa mtu wa nchi nyingine bila kuhamisha hata chungu. Apolo alikuwa raia wa upande wa Waingereza. Angeweza kubaki Toro akazeeka vizuri kati ya watu waliomheshimu. Lakini akarudi Mboga, na tangu mwaka 1921 akaanza kuingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani wao wengi waliwadharau, na hadi leo wapo wanaowadharau, tusidanganyane. Alijifunza lugha yao, na kazi ya kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo ikafanyika.

Mimi sisemi Wazungu hawakufanya kitu. Wao ndio waliomtuma na kumpa upadri. Lakini aliyelala njaa Mboga, akapigwa, akarudi, alikuwa jirani kutoka upande wa pili wa mto.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa Mkristo azikwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa bado.